Wajaribu tena au waache? Kisa cha mke na mume wa Nkuhungu waliopoteza mimba mbili

Mimi ni nesi mkunga, niko Dodoma mjini, na kisa ninachoandika hapa ni cha watu niliokutana nao kazini, wote wawili wameniruhusu nikiandike ili kiwasaidie wengine, nimebadilisha vitu vidogo vidogo tu wasijulikane. Nimekichagua kwa sababu swali lao naulizwa sana, yaani haipiti muda mrefu lazima aje mtu nalo: tumepoteza mtoto, sasa tujaribu tena au tuache? Na karibu wote wanakuja wakitegemea nitawajibu ndiyo au hapana hapo hapo wakiwa hata hawajakaa.

Dada mwenyewe ana miaka 37, anaishi Nkuhungu, ana biashara yake ya vitenge na madera pale Sabasaba. Mume ni dereva wa lori, anabeba saruji na mizigo mingine toka Dar kuja huku, wakati mwingine anapitiliza mpaka Singida. Wana binti mmoja yuko darasa la nne, huyo alizaliwa vizuri bila shida yoyote. Wakakaa miaka mingi mtoto wa pili haji, baadae mimba ikaja ikatoka ikiwa na wiki kama kumi. Mwaka uliofuata akashika tena, hiyo ikaenda mpaka wiki ya 33 ndo ikaishia kwenye kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya mimba, mtoto wa kiume akafia tumboni. Alipokuja kwangu ilikuwa imepita miezi minane.

Na alichokuja kutaka wala sio ushauri. Alitaka vidonge vya kupevusha mayai, kuna mtu duka la dawa kamwambia kwa umri wake mayai yamechoka kwahiyo ameze vile vidonge mwezi mmoja tu atashika. Nikamuuliza maswali ya kawaida, hedhi inakuja kwa wakati? inakuja. Inakaa siku ngapi? nne, kama zamani. Nikamuuliza mara ya mwisho kukutana na mume ni lini. Akainama kwanza. Akasema dada, tangu mtoto afariki hajanigusa, akirudi safari anasema amechoka analala sebuleni kwenye kochi, alfajiri keshaondoka, safari za siku nne zimekuwa za wiki, mimi nina uhakika ana mtu Morogoro na nikishika mimba nyingine atarudi nyumbani.

Sasa hapo unaona kabisa hakuna kidonge kinachotibu hiyo. Na vile vidonge vyenyewe sio pipi jamani, ni vya mtu ambaye amepimwa ikaonekana mayai yake hayapevuki, halafu vinaongeza uwezekano wa kubeba mapacha, na mimba ya mapacha ni moja ya vitu vinavyoongeza hatari ya hiyo hiyo presha ya mimba iliyomtesa. Yaani angemeza kwa kutafuta mtoto akawa amejiongezea njia ya kumpoteza.

Kabla ya maneno mengi nikampima presha. 152 kwa 98. Akapumzika, nikarudia baada ya muda, 148 kwa 96. Akashangaa sana, akasema si niliambiwa ile presha ni ya mimba, mtoto akitoka inaisha? Ni kweli mara nyingi inaisha, ila inatakiwa iwe imeisha ndani ya wiki kumi na mbili hivi baada ya kujifungua, ikivuka hapo bado iko juu basi tunaanza kusema huyu ana presha ya kudumu, na inawezekana alikuwa nayo hata kabla ya mimba bila kujua. Tangu aruhusiwe wodini alipewa dawa za wiki mbili, zikaisha, hakurudi na hakuna aliyemfuatilia. Kuna siku kichwa kilimuuma akapima dukani akaambiwa iko juu, akauziwa losartani, akawa anameza siku kichwa kikiuma tu. Nikamwambia aache kwanza hesabu za mimba, kwa sababu losartani na dawa za jamii ya enalaprili hazifai kabisa kwa mwanamke anayetafuta mimba, zinaharibu figo za mtoto tumboni. Huyu dada alikuwa anatafuta mimba kwa mkono mmoja na losartani iko mkono wa pili, na hakuna mtu kwenye mlolongo wote ule aliyemuuliza kama ana mpango wa kuzaa.

Nikamwambia arudi na kadi ya kliniki na karatasi alizopewa siku anaruhusiwa. Alikuwa nazo zote, kazifunga kwenye mfuko kaweka chini ya nguo kabatini, hajawahi kuzifungua. Mume naye hajawahi. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari, mistari mitano tu, ila mle ndani ndo kulikuwa na jibu la swali ambalo familia nzima walikuwa wanajijibu kwa kubahatisha kwa miezi minane.

Kwa sababu majibu yalikuwepo tayari, mengi tu. Mama mkwe, yuko Kongwa huko, alisema kizazi kimefungwa na mtu, maana yule mwanamke alivyokuwa anatetemeka na kutoa povu sio ugonjwa wa hospitali. Wifi alisema ni kubeba ndoo, Nkuhungu kipindi cha mgao wa maji kila mtu anabeba ndoo. Yeye mwenyewe alikuwa anaamini ni kwa sababu aligombana na mume siku tatu kabla, akalia sana. Mume ana lake, nitalisema.

Kadi inasema hivi. Alianza kliniki na wiki 22, presha siku hiyo 134 kwa 86. Mtu anaweza kuona ni ya kawaida, ila katikati ya ujauzito presha ya mwanamke kwa kawaida inashuka kidogo, kwahiyo 134 kwa wiki hizo kwa mtu mwenye miaka 37 ilitakiwa ituamshe. Wiki ya 28 ikawa 138 kwa 90. Ile 90 ya chini peke yake ilitosha kusema presha imepanda, huhitaji 140 ya juu ifike. Kwenye mkojo, ambako huwa tunatafuta protini, kisanduku kiko wazi, aliambiwa vipimo vimeisha, akashauriwa apunguze chumvi na apumzike. Kupunguza chumvi hakuzuii presha ya mimba, hilo tunalijua siku nyingi ila bado linasemwa. Hudhurio lililofuata hakwenda, mzigo ulikuwa umeingia sokoni. Halafu wiki ya 33 kichwa kikauma siku tatu akawa anameza panado, akaona vimulimuli, akapata maumivu chini ya chembe ya moyo akadhani ni vidonda vya tumbo, na mtoto akapunguza kucheza. Akamuuliza jirani, akaambiwa mtoto anapumzika anajiandaa kutoka. Hapana, mtoto hapumziki hivyo, mtoto akipunguza kucheza unakwenda kituoni siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Nilimsomea vyote hivi taratibu, na nilimwambia wazi kwamba hakuna popote kwenye hii karatasi pameandikwa ndoo, wala ugomvi. Na ile mimba ya kwanza iliyotoka na wiki kumi nayo tukaizungumzia, maana alikuwa anaziunganisha zote mbili kama laana moja. Mimba nyingi zinazotoka mapema hivyo, kama nusu yake, ni kwa sababu mbegu na yai vilipokutana vinasaba havikupangika sawa, na umri ukishavuka 35 hilo linaongezeka. Ni tukio la kwake peke yake, halikuwa na uhusiano na kifafa cha mimba. Hapo alilia kwa muda mrefu, nikamuacha alie.

Mume alikuja baada ya safari mbili hivi. Nilitaka nimsikie peke yake kwanza, mkewe akabaki benchi nje. Nilijiandaa kukutana na mwanaume mwenye nyumba ndogo, kusema kweli maelezo yote yalikuwa yanaelekea huko. Alichonieleza ni usiku ule. Kwamba alishtuka na kelele ya kitanda akidhani wezi, akawasha taa akakuta mke macho yamegeuka, mwili umekakamaa, ulimi unatoka damu, na binti kasimama mlangoni anaangalia. Akambeba mpaka barabarani, bajaji ya kwanza ikakataa, ya pili ndo ikawapeleka kituo cha afya, akachomwa sindano ya kuzuia degedege, ambulensi ikawapeleka hospitali kubwa, na yeye njia nzima alikuwa anajua amekufa. Akaniambia sista, mimi mtoto namtaka, tena sana, ila nikimsogelea mama watoto naona yale macho. Bora nibaki na huyu mmoja na mama yake akiwa hai.

Kumbe huyo ndo wa Morogoro.

Na kuna lingine alilokuwa nalo. Mtoto alizikwa Kongwa kwa haraka mama akiwa bado amelazwa, kama inavyofanyika sehemu nyingi kwetu, mama haonyeshwi. Yeye baba alimwona. Alimshika. Wazee wakamwambia usimsimulie mkeo chochote utamtonesha, akatii, kwahiyo kwa miezi minane amekaa na sura ya mtoto peke yake. Na lile analojilaumu ndo hili, kwamba mke alimpigia simu akiwa njiani akamwambia kichwa kinaniuma sana, yeye akamjibu meza panado nakuja.

Nikamuita mke ndani. Sikutaka niseme mimi, nikamwambia tu kaka mwambie mwenzio ulichoniambia mimi. Alianza kwa shida sana, alipofika kwenye yale macho mke akasema mbona hukuniambia, mimi sikumbuki chochote ya usiku ule, mimi nilijua nililala nikaamka sina mtoto. Ni kweli, mtu aliyepata kifafa cha mimba mara nyingi hakumbuki. Kwahiyo fikiria, hawa watu wawili wamelala nyumba moja, mmoja ana usiku ule wote kichwani hawezi kuufuta na mwingine hana hata kipande. Yeye ana tumbo lililobaki tupu na maziwa yaliyokuja ya mtoto ambaye hayupo, mume ana mke aliyekufa akafufuka. Wote wanasema neno moja, mtoto, ila kila mtu anazungumzia kitu chake. Halafu mke akauliza, alikuwaje? Mume akasema alikuwa na nywele nyingi, alifanana na dada yake. Basi.

Mimi naamini kabisa bila hiyo nusu saa yote yaliyofuata yangekuwa kazi bure. Nimeona watu wakijaribu tena ili kunyamazisha msiba, na mimba ikija wanakaa miezi tisa kila mtu na hofu yake kwenye kona yake, presha inapanda mtu anaogopa kusema.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Walikuja na muda kwanza, kwa sababu kila mtu kawapa wa kwake, saluni wamemwambia miaka miwili, shangazi kasema ukae mwezi tu kizazi kikiwa bado laini. Ile miaka miwili inatokana na ushauri wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2005, ila ni kwa mwanamke aliyezaa mtoto akawa hai, akae miezi 24 ndo atafute mwingine. Kwa mimba iliyotoka walisema miezi sita, na hata hiyo tafiti za baadae zimeonyesha wanaoshika mapema kuliko hapo hawafanyi vibaya zaidi. Kwa mtoto aliyefia tumboni kuna utafiti mkubwa ulitoka 2019 wa wanawake wa Finland, Norway na Australia Magharibi, ukaona walioshika ndani ya mwaka mmoja hawakupata matatizo zaidi kuliko waliosubiri, ingawa hizo ni nchi zenye hospitali za kila kona na sio Dodoma vijijini. Kwa aliyefanyiwa opereshini hesabu ni nyingine, mshono unahitaji muda, huyu alianzishiwa uchungu akajifungua kawaida kwahiyo hana mshono. Kwahiyo kwa kalenda peke yake, hana kizuizi. Miezi minane imetosha. Kinachomzuia ni ile 152 kwa 98, na hicho hakiishi kwa kuhesabu miezi, kinaisha kwa dawa na ufuatiliaji.

Umri nao upo, siwezi kudanganya. Kwenye 37 kila mwaka una uzito, na wakisema wasubiri miaka mitatu watulie kwanza watakuwa wamejibu swali bila kujua kuwa wamelijibu. Ila miezi minne mitano ya kuweka presha sawa hiyo haiwaharibii kitu.

Halafu wakauliza, itarudi? Hapa niliwapa namba, kwa sababu wanastahili kujua. Miongozo ya Uingereza inasema kwa ujumla mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, kama mmoja kati ya sita inamrudia mimba inayofuata, ila kama alijifungua kati ya wiki 28 na 34, kama huyu, inakuwa mmoja kati ya watatu. Na akiwa na presha ya kudumu ndo iangaliwe kwa umakini zaidi. Nikawaambia pia kwamba hiyo ni namba ya ugonjwa kurudi, sio ya mtoto kufa, mara nyingi ikirudi inachelewa kuliko ya kwanza na mtu akiwa anafuatiliwa inadakwa mapema, mtoto anatolewa akiwa hai na mama yuko salama. Mke akasema wawili kati ya watatu wanapona! Mume akasema mmoja kati ya watatu, na akanyamaza. Namba ile ile moja. Nilivyoona hivyo nikaacha kubishana nayo, nikawauliza kila mmoja, tuseme wewe ndo yule mmoja, unafanya nini? Mke akajibu bila kufikiri, nitalazwa hata miezi miwili sijali. Mume akauliza nani atakaa na binti, nani atafungua biashara, na mimi nikiwa Dar nani atampeleka usiku. Na hayo ndo maswali ya maana sana kuliko yote yaliyoulizwa pale, maana yana majibu.

Nikawaeleza safari hii kingekuwa tofauti nini. Presha ishushwe kabla, kwa dawa ambayo hata mimba ikiingia haina shida, daktari wetu akamtoa kwenye losartani akamweka kwenye nifedipini ya kutolewa taratibu mwilini. Foliki asidi miligramu 0.4 kila siku aanze kabla hajashika. Kliniki aende mimba ikiwa changa, chini ya wiki 12, sio 22. Na kwenye wiki ya 12 ndo kuna ile aspirini ndogo ya miligramu 75, WHO wanaipendekeza kwa wanawake wenye hatari kubwa kama huyu na wanasema ianzwe kabla ya wiki ya 20, hii haitakiwi kujianzishia dukani, daktari aandike. Kalsiamu pia, gramu moja na nusu mpaka mbili kwa siku kwa maeneo ambayo chakula kina kalsiamu kidogo, na huku kwetu wengi ugali na mlenda ndo kila siku maziwa ni ya kubahatisha, isimezwe kwa wakati mmoja na vidonge vya damu. Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko ikae nyumbani. Ultrasaundi ya kuangalia mtoto anavyokua, na mkojo upimwe kila hudhurio, vipimo vikiisha kituoni utafute sehemu nyingine siku hiyo hiyo, usikubali kisanduku kibaki wazi. Na kujifungulia ni hospitali kubwa tu, Dodoma tuna bahati, rufaa ya mkoa iko mjini hapo na Benjamin Mkapa iko UDOM, kutoka Nkuhungu sio mbali, wa Mpwapwa ndani ndani huko angetakiwa ahamie mjini mimba ikikomaa.

Vipimo vingine tulivifanya wote wawili, kaswende na VVU hawana, sukari yake iko sawa, figo ziko salama, hilo la figo ndo nililokuwa naliogopa. Kundi lake la damu ni chanya. Anayesoma hapa mwenye kundi hasi kama umepoteza mimba au mtoto uliza kama ulichomwa ile sindano ya kinga inayoitwa anti-D ndani ya saa 72, wengi wanaruhusiwa nyumbani bila hiyo.

Wakati wanajiandaa wanatumia kondomu. Mke alitaka sindano ya miezi mitatu, nikamshauri asiichome, kwa mwenye miaka 37 anayetaka kuzaa karibuni sindano ile inaweza kuchelewesha mimba miezi tisa, kumi au zaidi tangu dozi ya mwisho. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili navyo kwa presha yake havifai. Mume alivyosikia kondomu alionekana kama ametua mzigo, maana kumbe alikuwa hajui kama kuna njia ya kuwa karibu na mkewe bila kumuweka kwenye hatari. Kitu kidogo hivyo kimewalaza vyumba tofauti miezi minane.

Ukweni ndo pagumu. Mama mkwe anataka mjukuu wa kiume, na alishatuma mizizi ya kusafisha kizazi, dada alikuwa ameanza kuinywa. Nikamwomba aache, sijui kuna nini mle na figo zake ndo tumezipima ziko salama tusizichokoze. Mume nikamwambia hili ni la kwako kaka, mama ni wako. Akaenda Kongwa na mke, kwanza wakaenda kaburini, mke alikuwa hajawahi kupaona, halafu jioni akakaa na mama yake akamweleza kwamba mkewe alikuwa na presha, na presha ni ugonjwa, marehemu baba yake mwenyewe aliugua huo huo akapooza. Bibi hakukubali yote lakini alivyosikia habari ya baba akatulia. Swala la mrithi akasema tutaona. Kwa pale kwa kweli mimi nahesabu ni ushindi.

Na nililisema hili wakiwa wote wawili, narudia hapa kwa sababu sioni likisemwa vya kutosha: kuacha nako ni jibu. Mtu mwenye binti mmoja mzima anayesoma, mume anayempenda na afya iliyotikisika akisema inatosha, hajashindwa kitu. Nisingekubali tu waache kwa hofu ambayo hawajaifungua, wala waendelee kwa sababu ya maneno ya Kongwa. Tukaweka mipaka wakiwa na akili tulivu: presha ikigoma kushuka chini ya 140 kwa 90 hawajaribu, figo zikianza kuonyesha shida hawajaribu, na mimba ikitoka tena wanarudi kwa bingwa kabla ya kitu kingine chochote.

Mpaka naandika hapa presha imeshuka, kipimo cha mwisho ni 128 kwa 82. Bingwa wa akina mama atamwona mwezi ujao na mume ameshaomba ruhusa kazini aingie naye. Mfuko wa dharura wameanza kuweka kwenye simu, na dereva wa bajaji wa mtaani wameongea naye, tena yule yule wa pili wa usiku ule. Ambacho hawajaelewana ni kimoja. Mume anasema hata bingwa akiruhusu, anataka abaki na nafasi ya kusema hapana. Mke amesema hiyo hapana ataipokea, atalia ila ataipokea, sharti aambiwe yeye mwenyewe kwa mdomo, isije tena kwa njia ya kochi. Mume kalikubali hilo sharti. Kuhusu mtoto bado, na mimi siwaharakishi.